Ninunue Kindle au niendelee na simu? Wasomaji wauliza

Barua kuhusu vifaa vya kusomea vitabu zimejaa mezani. Wengi wenu mnaviita vyote Kindle, kama dukani mtu anavyoomba Colgate, akapewa Whitedent, na akaondoka ameridhika. Kindle ni ya Amazon. Zipo pia Kobo, PocketBook, Boox na nyingine. Hapa tutaviita vyote visomeo, na tutataja jina pale tofauti inapogusa mfuko wako.

SWALI: Mimi ni muuguzi, nafanya zamu za usiku. Nasoma riwaya kwenye simu ya inchi 6.5, kama saa mbili kwa siku. Macho yanakauka na chaji haifiki asubuhi. Kindle ya bei ya chini itanisaidia kweli au ni pambo tu?
*Muuguzi, Morogoro*

Kwa usomaji wako, kuna uwezekano mkubwa itakusaidia. Saa mbili kwa siku za maandishi matupu ndiyo kazi hasa ya kifaa hiki. Ila kwanza uelewe unanunua nini, maana wauzaji husema "hakiumizi macho" na kuishia hapo.

Skrini ya simu ni taa. Skrini ya kisomeo ni wino wa elektroniki: ndani mna vifuko vidogo mno, na kila kifuko kina majimaji yenye chembe nyeupe na nyeusi zenye chaji za umeme zinazopingana. Umeme ukipita, chembe za rangi moja hupanda juu na za pili huzama. Zikishatulia hubaki hapohapo bila kula umeme mpaka ufungue ukurasa mwingine. Unasoma kwa mwanga unaoangukia juu yake, kama karatasi. Kwenye jua la saa saba mchana simu hufifia, ila kisomeo huzidi kuonekana. Gizani, taa ndogo za pembeni hutandaza mwanga juu ya ukurasa, na unaweza kuupunguza hadi ubaki kidogo tu.

Kukauka macho ni jambo jingine kidogo. Mtu anayekodolea maandishi, yawe ya simu au ya kitabu, hupepesa macho mara chache, na kisomeo hakitibu hilo. Kitakachokupa nafuu ni kutoangaliana na taa, kukuza herufi, na kukaa mbali na WhatsApp inayokuita kila dakika tatu.

Kuhusu chaji, soma tangazo kwa makini. Amazon hutaja wiki 6 kwa Kindle ya kawaida na wiki 12 kwa Kindle Paperwhite, lakini hesabu hiyo ni ya nusu saa kwa siku, Wi-Fi ikiwa imezimwa. Nusu saa kwa siku 42 ni saa 21. Kwa saa zako mbili utapata siku kumi hivi kwenye Kindle ya kawaida na wiki tatu kwenye Paperwhite. Bado ni raha ukilinganisha na simu.

Sasa fedha. Matoleo ya mwaka 2024 yalianza kuuzwa Marekani kwa dola 110 hivi (Kindle ya kawaida, inchi 6) na dola 160 hivi (Paperwhite, inchi 7). Bei hizo ni za kifaa chenye matangazo kwenye skrini kikiwa kimelala; kisicho na matangazo huongezeka dola 20. Ongeza usafiri na kodi, ambapo VAT pekee ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya, na utaona kwa nini bei ya dukani Kariakoo au Luthuli Avenue haifanani na ya mtandaoni.

Kabla ya kutoa hata shilingi, chukua karatasi. Andika vitabu kumi vya mwisho ulivyosoma, na kando ya kila kimoja andika kilitoka wapi: karatasi, PDF ya WhatsApp, programu ya simu, duka la Amazon, faili la EPUB (faili la kitabu ambalo maandishi yake hujipanga kulingana na skrini). Sita au zaidi vikiwa ni EPUB au vya duka la mtandaoni, nunua. Vikiwa vingi ni vya karatasi, au ni kurasa zilizopigwa picha, fedha hiyo itakufaa zaidi duka la vitabu. Tumeona visomeo vingi kabatini, na karibu vyote viliishia huko kwa sababu mwenyewe hakuwa na cha kuweka ndani yake.

Riwaya za Kiswahili zinazouzwa kwa WhatsApp zina njia yake. Nyingi huandikwa kwenye Word kisha hugeuzwa PDF. Mwombe mwandishi unayemlipa akupe faili la Word lenyewe. Kindle hulipokea, na herufi utazikuza upendavyo.

SWALI: Niko mwaka wa pili chuo. Kila kitu tunachosoma ni PDF: makala za majarida, vitini vya wahadhiri, vitabu vilivyoskaniwa. Nataka Kindle ya inchi 6 nipumzishe macho na laptopu.
*Mwanafunzi, Dodoma*

Usinunue ya inchi 6. Chukua rula uone mwenyewe: ukurasa wa A4 una upana wa sentimita 21, na skrini ya inchi 6 ina upana wa sentimita 9 na kidogo. Ukurasa mzima ukiingia humo, herufi ya pointi 12 inakuwa kama pointi 5, yaani maandishi madogo ya karatasi inayokuja ndani ya boksi la dawa. Ukivuta kukuza, skrini ya wino ni nzito. Kila ukisogeza inameta nyeusi, inasita, na mstari unaoutafuta umeshapita. Makala yenye safu mbili ndiyo mbaya kuliko zote.

Chanzo cha tatizo ni PDF yenyewe. EPUB ni maandishi yanayotiririka, hivyo hujipanga upya kulingana na skrini. PDF ni ukurasa uliogandishwa, kila herufi imepigiliwa mahali pake.

Zipo njia tatu za kupunguza maumivu. Ya kwanza: kama PDF ilitengenezwa kwa kompyuta (jaribu kuchagua neno kwa kipanya; likichagulika, ndiyo hiyo), itume kwa barua pepe ya Kindle yako (kila kifaa hupewa anwani yake na Amazon) na kwenye mada ya barua andika neno moja tu, Convert. Amazon itajaribu kuigeuza iwe maandishi yanayotiririka. Insha hutoka vizuri. Majedwali hutoka yamevurugika, na namba za kurasa na tanbihi huingia katikati ya sentensi.

Ya pili ni programu ya bure iitwayo k2pdfopt, ya kompyuta. Unaliburuta faili juu yake, unachagua aina ya kifaa, unabonyeza Enter. Yenyewe hutambua safu, hukata mistari vipande na kuvipanga upya kwenye kurasa ndogo. Kwa kuwa hukata picha ya ukurasa badala ya kusoma herufi, milinganyo ya hesabu hubaki salama. Ubaya wake ni kwamba faili hunenepa.

Ya tatu ni ya vitabu vilivyoskaniwa. Humo hakuna herufi, mna picha za herufi, kwa hiyo Convert haitakupa kitu cha maana. Pitisha kwanza kwenye programu ya kutambua maandishi. Tesseract ni ya bure na ina data ya Kiswahili, ambayo msimbo wake ni swa. Ukiacha Kiingereza kilichowekwa mwanzoni, itakurekebishia maneno ya Kiswahili yafanane na ya Kiingereza. Skani iliyopinda, au iliyopigwa kwa simu chini ya kivuli cha mkono, itatoka na makosa kila mstari hata ufanye nini.

Kifaa cha inchi 10 hupunguza shida: kwenye Kindle Scribe ya inchi 10.2, pointi 12 inakuwa karibu 9, na hiyo inasomeka. Lakini ilipotoka mwaka 2022 ilianzia dola 340. Kwa fedha hiyo mwanafunzi anapata kishikwambi kizuri chenye rangi, cha kuandikia na kutafutia. Kwa hali yako tungechagua kishikwambi, na kupunguza mwanga wake usiku.

SWALI: Kindle au Kobo?
*Msomaji, Nairobi*

Swali fupi, jibu linategemea unanunua vitabu wapi. Ukinunua Amazon, chukua Kindle, maana vitabu vya Amazon vyenye kufuli la kuzuia kunakiliwa havifunguki Kobo. Ukipata EPUB kutoka sehemu mbalimbali, Kobo huzifungua moja kwa moja: chomeka waya kwenye kompyuta, nakili faili, chomoa, soma. Kindle hupokea EPUB pia, lakini lazima ipite kwanza kwenye mitambo ya Amazon kugeuzwa, au uigeuze mwenyewe kwa Calibre, programu ya kompyuta ya kupanga na kugeuza vitabu.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi: ukilipia kitabu Amazon unapata ruhusa ya kukisoma tu. Mwaka 2009 kampuni hiyo iliwafutia wateja vitabu vilivyokwisha kulipiwa, ndani ya vifaa vyao, kwa sababu aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo. Waliamka fedha imerudi na kitabu hakipo. Na tarehe 26 Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kupakua kwenye kompyuta nakala ya kitabu ulichonunua ili ukihamishe kwa waya. Duka la Kobo nalo lina vitabu vyenye kufuli, tusidanganyane, ila kufuli lake ni la Adobe, na visomeo vingine kama PocketBook hulifahamu.

Ufundi nao uhesabu. Mwaka 2024 Kobo iliungana na iFixit, kampuni ya vipuri na maelekezo ya ufundi, kutoa vipuri na maelekezo ya kufungua visomeo vyake vya Clara BW, Clara Colour na Libra Colour. Kwa mtu aliye mbali na kituo cha huduma, hilo ni jambo kubwa.

Usishawishike haraka na hizo zenye rangi. Teknolojia yake, Kaleido 3, hutoa nukta 300 kwa inchi kwenye nyeusi na nyeupe lakini 150 kwenye rangi, na chujio la rangi huufanya ukurasa uwe na weusi kidogo hata ukisoma maandishi matupu. Kwa riwaya, chukua nyeusi na nyeupe. Boox zinatumia Android, kwa hiyo unaweza kuweka programu za Kindle na Kobo pamoja. Chaji yake huisha haraka zaidi, na mipangilio yake inahitaji mtu mwenye subira.

SWALI: Assalaam aleikum. Nimeweka kwenye kifaa changu vitabu vya Kiswahili na diwani za mashairi. Maneno yanakatwa mwisho wa mstari kama ya Kizungu, neno ng'ombe limeingiliwa na alama za ajabu, na mishororo yangu yote imevunjika. Kifaa ni kibovu?
*Mpenda mashairi, Mombasa*

Waaleikum salaam. Kifaa ni kizima. Mafaili ndiyo hayakutayarishwa kwa Kiswahili. Umeleta matatizo matatu, na kila moja lina dawa yake.

Kukatwa maneno. Ndani ya kila EPUB mna mstari mmoja unaotaja lugha ya kitabu. Watengenezaji wengi huuacha ukisema Kiingereza, na kisomeo hutii: hukata wanaposhughulikia kikaandika wanaposhug- huku hulikia ikianguka chini. Fungua Calibre kwenye kompyuta (ni ya bure), chagua kitabu, bonyeza herufi E, tafuta sehemu ya lugha, ondoa English uandike Swahili. Hifadhi. Kisha bonyeza C na ugeuze EPUB kuwa EPUB, ili mabadiliko yaingie ndani ya faili lenyewe, halafu nakili upya kwenye kifaa. Kisomeo kisicho na kanuni za Kiswahili sasa hakitakata kabisa. Hapo tatizo jingine litachungulia: maneno yetu ni marefu, na mistari ikilazimishwa kunyooka pande zote mbili hubaki na mianya mipana kama meno ya mtoto wa miaka saba. Nenda kwenye mipangilio ya herufi, uchague maandishi yaegemee kushoto tu.

Ng'ombe. Ukiona ngâ€™ombe, ujue ile ritifaa iliyopinda imesomwa kwa mfumo wa herufi usio wake. Huwapata zaidi wanaotuma EPUB kwenda Kindle: faili lisipotaja kwamba limeandikwa kwa UTF-8, Amazon hukisia mfumo mwingine wa zamani. Ule ugeuzaji wa EPUB kwa EPUB ndani ya Calibre huandika tamko hilo, kwa hiyo kazi uliyofanya kwa ajili ya lugha inatibu na hili.

Mishororo. Hapa kifaa hakina kosa wala faili halina kosa; ni upana. Mshororo wa shairi una mizani 16, ukwapi na utao. Chukua huu:

Mizani nane ukwapi, nane nyingine utao

Una herufi na nafasi 38. Skrini ya inchi 6 yenye herufi za wastani hubeba kama arobaini, kwa hiyo ukikuza herufi hatua moja tu, neno utao linaanguka peke yake mstari wa chini na ubeti wa mishororo minne unaonekana wa minane. Laza kifaa: kwenye Kindle fungua mipangilio ya ukurasa uchague mkao wa ulalo. Upana unaongezeka kwa theluthi, na mshororo unakaa hata kwa herufi kubwa. Punguza na pambizo. Tenzi hazina shida hii, maana kila kipande chenye mizani nane huandikwa mstari wake.

Tukiwa hapohapo, kamusi zinazokuja na visomeo hazina Kiswahili, na hata ukijiwekea ya kwako itakuangusha. Ukigusa neno walipomkuta, kifaa hutafuta neno hilo lilivyo. Kamusi ina kitenzi kuta tu. Vifaa hivi vimefundishwa lugha zinazobadilika mwishoni mwa neno, ilhali zetu hujibandika mbele. Andika mzizi mwenyewe kwenye kisanduku cha kutafutia.

SWALI: Nimetuma vitabu kwa ile barua pepe ya Kindle mara nne. Havifiki.
*Msomaji, Kampala*

Mara nyingi ni kwa sababu barua pepe yako haimo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kutuma. Ingia kwenye akaunti yako ya Amazon, sehemu ya vifaa na maudhui, kisha Preferences, kisha Personal Document Settings. Hapo utaona anwani ya kifaa, inayoishia na @kindle.com, na chini yake orodha ya walioruhusiwa. Ongeza anwani unayotumia kutuma, herufi kwa herufi. Wenye Gmail mbili kwenye simu moja hukosea hapa: wanaongeza ya kazini, wanatuma kwa ya nyumbani.

Angalia pia barua iliyorudi. Wakati mwingine Amazon hukutaka uthibitishe kwa kubofya kiungo ndani ya saa 48; ukichelewa, faili linatupwa. Ukiona msimbo E999, faili lina kasoro ndani: ligeuze EPUB kwa EPUB kwa Calibre, utume tena. Faili la MOBI usihangaike nalo, njia hiyo haipokei tena. Na likizidi MB 50 halipiti kwa barua pepe. Tumia ukurasa wa Send to Kindle, unaopokea hadi MB 200.

Mwisho, kifaa chenyewe kiwe kwenye Wi-Fi. Kama unawasha hotspot ya simu na Kindle ya zamani haiioni, nenda kwenye mipangilio ya hotspot uibadilishe kutoka 5 GHz kwenda 2.4 GHz.

SWALI: Kindle yangu haijaanguka hata siku moja. Jana nimeitoa kwenye begi, nusu ya skrini inasoma, nusu imeganda picha ya kulala. Kioo cha juu hakina hata mkwaruzo. Fundi simu anasema ni programu.
*Msomaji, Mbeya*

Lipo jaribio moja. Shika kitufe cha kuwashia sekunde 40, kiachie, subiri kiwake. Picha ikiwa bado imeganda palepale, programu haihusiki: skrini imevunjika kwa ndani.

Chini ya plastiki unayoigusa, tabaka la wino limeegemea kioo chembamba sana. Kufuli, rundo la funguo, kichwa cha chaja au mtu aliyeketi juu ya begi hukandamiza sehemu moja, kioo kinapasuka, plastiki ya juu inabaki nzima. Na kwa kuwa wino hauhitaji umeme kubaki ulipo, sehemu iliyokatika mawasiliano hubaki na picha ya mwisho. Ndiyo hiyo unayoiona.

Skrini mpya pamoja na ufundi hukaribia bei ya kifaa kizima, kwa hiyo kwa Kindle ya kawaida hatushauri kutengeneza. Ukinunua nyingine, nunua na kava gumu siku hiyohiyo. Ndani ya begi, upande wa skrini uegemee daftari au kitabu, usitazamane na chaja.

SWALI: Nimepata Kindle ya mtumba. Niangalie nini kabla sijalipa?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Nenda na simu yenye bando, na usilipe hadi uwe umeiingiza kwenye akaunti yako mwenyewe. Hili ndilo kubwa. Kifaa kilichoripotiwa kuibiwa huzuiwa Amazon na hakitasajilika kamwe, hata kikiwa kinawaka vizuri. Mwambie muuzaji aondoe akaunti iliyomo, washa hotspot, ingiza yako. Ikikataa, rudisha kifaa taratibu uondoke. Ikiwa imefungwa kwa namba ya siri na muuzaji "ameisahau", ondoka haraka zaidi.

Kisha funua kurasa ishirini mfululizo ukiinamisha kifaa kwenye mwanga. Mstari mwembamba uliokwenda kutoka ukingo hadi ukingo, au kidoa kisichobadilika, ni ule mpasuko wa ndani tuliousema. Vivuli hafifu vya ukurasa uliopita visikutishe. Washa ile mipangilio ya kusafisha skrini kila ukurasa, vitatoka. Funika kwa kiganja uone taa: madoa meupe maana yake ni vumbi au tabaka limeachia.

Betri ipime hivi. Taa nusu, soma dakika ishirini ukiwa palepale dukani. Kisomeo kizima kitashuka asilimia moja au mbili. Kikishuka tano au zaidi, betri imechoka, na bei ishuke nayo. Chomeka chaja, tikisa waya kidogo; zile za tundu la zamani la micro-USB hulegea, na hapo ndipo nyingi hufia.

Usilipe zaidi kwa sababu ya ukubwa wa hifadhi. Riwaya ya EPUB isiyo na picha kwa kawaida haifiki MB 1, hivyo hata GB 4 inabeba vitabu ambavyo hutavimaliza. Wala usilipie zaidi ile "yenye laini yake": huduma ya mtandao wa simu kwenye Kindle za zamani imekuwa ikizimwa pamoja na mitambo ya 3G. Kwetu sisi, mtumba usizidi nusu ya bei ya mpya.

SWALI: Naishi Toronto na nina kadi ya maktaba. Binti yangu aliye Marekani anaazima vitabu kwa Libby na kuvisoma kwenye Kindle. Nifanye kama yeye?
*Mama wa watoto watatu, Toronto*

Mama, huko uliko nunua Kobo. Kusoma vitabu vya Libby kwenye Kindle ni kwa maktaba za Marekani tu, Kanada haimo. Kobo ina OverDrive, huduma ileile iliyo nyuma ya Libby, ndani yake: ingia kwenye mipangilio, chagua maktaba yako, weka namba ya kadi, na vitabu unavyoazima vitashuka vyenyewe na kujirudisha siku zikiisha. Ada ya kuazima hakuna.

SWALI: Baba ana miaka 74, haoni vizuri. Tumnunulie?
*Watoto wake, Bukoba*

Kwa herufi kubwa sana skrini ya inchi 6 hubaki na maneno matatu kwa mstari, na mzee atachoka kufunua kurasa. Mpeni kishikwambi cha inchi 10, au sauti. Kwenye simu ya Android ingia sehemu ya ufikivu, kisha ya kubadilisha maandishi kuwa sauti, upakue sauti ya Kiswahili ya Google. Programu ya ReadEra, ambayo ni ya bure, itamsomea EPUB. Sauti ni ya mashine na mkazo wa maneno huteleza mara kwa mara, ila inaeleweka. Kindle haina sauti ya Kiswahili.

SWALI: Mtoto yuko darasa la tano. Kindle itabeba vitabu vyake vya shule?
*Mzazi, Arusha*

Hapana. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania viko kwenye maktaba yao ya mtandaoni, na vina picha za rangi na majedwali. Vinahitaji simu, kishikwambi au kompyuta. Hadithi za African Storybook, ambazo ni za bure na nyingi ziko kwa Kiswahili, nazo hupendeza kwa picha zake.

SWALI: Paperwhite inasemekana haiingii maji. Naweza kwenda nayo Nungwi?
*Msomaji, Unguja*

Nenda nayo, usiogelee nayo. Kiwango chake, IPX8, ni mita 2 za maji yasiyo na chumvi kwa dakika 60. Kwa maji ya bahari Amazon yenyewe inataja robo mita kwa dakika 3 tu. Ikilowa chumvi, isuuze kwa maji ya bomba, ifute, isimamishe tundu la chaja likitazama chini, na usichomeke chaja hadi ikauke kabisa, hata ikichukua siku nzima. Mchanga uogope kuliko maji, kwa sababu huingia kati ya kava na skrini na kukwaruza kila unapofunga. Na usiiache juani kwenye kiti ukienda kuogelea. Mwisho wake wa joto ikiwa inatumika ni nyuzi 35.